Polisi wetu: nani ni nani kituoni, na umwendee nani

Kijana akikamatwa huku kwetu Mombasa, wengi hukimbilia kumpigia simu MCA, mbunge, hata watu wa ofisi ya gavana. Nimeandamana na familia kadhaa katika hekaheka hizo, na nimeona saa zikipotea bure kwa kutojua kituo cha polisi kinavyoendeshwa.

La kwanza kufahamu ni kwamba Mombasa haina polisi wake. Miji mingi ya Marekani, hata midogo, ina idara yake ya polisi chini ya serikali ya mji. Kwetu, Katiba ya 2010, kifungu cha 243, iliunda huduma moja ya taifa yenye Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala, wote chini ya Inspekta Jenerali. Gavana anaweza kuongoza kikao cha mamlaka ya usalama ya kaunti, lakini hana uwezo wa kumwamuru askari amwachilie mtu. Askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, kazi yao ni sheria ndogo za kaunti.

Polisi wenyewe wana ngazi. Juu kuna kamanda wa kaunti, kisha kamanda wa kaunti ndogo, ambaye wengi bado twamwita OCPD. Chini yake, kila kituo, kiwe Makupa, Nyali au Likoni, kina mkuu wake, OCS. Huyu ndiye mwenye dhamana ya dawati la ripoti, doria na seli. Wapelelezi wa DCI wana wakubwa wao mbali na OCS. Ukiambiwa faili liko kwa DCI, uliza jina la afisa anayepeleleza, umfuate huko.

Moyo wa kituo ni kitabu cha OB. Kila ripoti na kila mtu anayeletwa kituoni huandikwa humo, pamoja na tarehe na saa. Ukipiga ripoti, usiondoke bila nambari ya OB, kwani ndiyo utakayoulizwa kila unaporudi. Aliyepigwa au kujeruhiwa huomba pia fomu ya P3, ijazwe na daktari, na fomu hiyo hutolewa bure.

Kifungu cha 49 cha Katiba chasema aliyekamatwa aambiwe sababu, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa hivyo aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Wakitaka kumzuia zaidi, ni lazima waombe idhini ya hakimu.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Ukitakiwa kuweka pesa taslimu, dai risiti, kwa sababu pesa hizo hurudishwa mshukiwa akitimiza masharti. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Zito zaidi ni pale unapojibiwa, "Hapa hayupo." Sote twajua Pwani hii ina mama ambao hadi leo hawajui watoto wao walipelekwa wapi. Ukijibiwa hivyo, mwombe askari wa zamu atazame OB, kisha andika saa na jina la aliyekujibu. Panda kwa OCS, halafu kwa kamanda wa kaunti ndogo, na uulize DCI pia. Usipopata jibu, piga ripoti ya mtu aliyepotea ili upewe nambari ya OB, kisha uende IPOA, mamlaka ya kiraia inayochunguza mwenendo wa polisi, ambayo ina ofisi Mombasa. Siku hiyo hiyo tafuta wakili. Mahakama Kuu inaweza kuwaamuru polisi wamlete mtu huyo mbele yake, akiwa hai au la.

Kila saa unayoandika na kila nambari ya OB unayoiweka ndiyo itakayomsaidia wakili wako mbele ya jaji. Simu ya mkubwa haiachi alama popote.