Mvumo uliotoka ukutani

Leo naomba tuziweke pembeni siasa na kesi za mahakamani ninazozikimbiza kila siku. Nimekuwa kimya wiki mbili, na sababu ni amplifaya. Ndiyo, amplifaya niliyoiunda mwenyewe, mimi niliyesomea uandishi wa habari!

Ilianza na kaseti moja. Mwaka 1994 baba alimrekodi bibi, mama yake mzazi, akisimulia ukoo wetu ulikotoka. Bibi alifariki kabla sijazaliwa, na sauti yake iliyobaki ni hiyo tu. Kuna mahali anataja jina la kijiji, na hapo hapo sauti inafifia. Nikasema basi, niikuze.

Kariakoo nikanunua aisii ya TDA2003, ile ya redio za magari, transfoma ya volti 9, daiodi nne na kapasita. Jioni moja nikaunganisha, nikawasha. Mmmmmmm! Spika ikavuma kama mashine ya kusaga, bibi akazama kabisa.

Fundi redio wa mtaani kwetu alinisikiliza, akacheka. "Mdogo wangu, kabla hujabadilisha chochote, iondoe ukutani. Iwashe kwa betri." Nikaazima betri ya bajaji ya jirani. Mvumo ukakata. Kimya kabisa.

Nilikaa pale nikiitazama ile betri, maana nilishasoma kisa hiki mahali: redio za mwanzo nazo hazikuvuma, kwa sababu hazikuchomekwa ukutani. Baada ya Lee de Forest kuongeza kiungo cha tatu ndani ya vali mwaka 1906, hatimaye sauti ndogo iliweza kukuzwa. Lakini vali ilikuwa na waya mwembamba uliopaswa kuwaka ndani yake, na waya huo uliwashwa kwa betri ya tindikali, kama ya gari. Familia ikitaka kusikia redio iliweka sebuleni betri hiyo nzito, inayovuja na kuunguza zulia, na betri nyingine kavu pembeni. Zikiisha, unabeba kwenda kuchaji.

Kwa nini wasitumie umeme wa nyumbani? Kwa sababu ya mvumo! Umeme wa ukutani hugeuka mwelekeo mfululizo, mizunguko 60 kwa sekunde kule Marekani na Kanada, 50 hapa kwetu. Ukiwasha ule waya wa vali kwa umeme huo, mtikisiko unaingia kwenye sauti.

Aliyeng'ang'ana na tatizo hilo ni kijana wa Toronto, Edward Rogers, mpenzi wa redio tangu utotoni. Mwaka 1924 alinunua Marekani haki za vali iliyobuniwa na Frederick McCullough, akaiboresha. Siri yake ilikuwa kutenganisha kazi mbili: umeme wa ukutani unapasha joto tu, na joto ndilo linaloamsha kipande kingine kinachofanya kazi ya sauti. Joto halipandi na kushuka upesi kama umeme, kwa hiyo mtikisiko unabaki nje. Mwaka 1925 redio zake zisizo na betri zikaingia sokoni. Alikuwa na miaka 25, umri wangu huu huu (mimi bado nagombana na daiodi). Mwaka 1927 alifungua kituo cha redio, CFRB, na herufi RB ni za Rogers Batteryless, yaani Rogers asiye na betri. Alifariki mwaka 1939, akiwa na miaka 38 tu.

Turudi mezani kwangu. Daiodi nne huyageuza yale mawimbi 50 kuwa mapigo 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita ni kuyasawazisha. Yangu ilikuwa ya maikrofaradi 1000. Nikaweka ya 4700, mvumo ukapungua lakini haukuisha. Nikashusha sauti hadi sifuri, ukabaki vile vile! Kwa hiyo hautoki kwenye kaseti. Kosa nililiona usiku wa tatu: waya wa ethi wa upande wa sauti nilikuwa nimeulehemu katikati ya daiodi na kapasita, penye msukosuko wote wa umeme. Nikaung'oa, nikauhamishia kwenye mguu hasi wa kapasita, pamoja na ethi ya spika. Nikawasha. Nikadhani imeungua, kumbe ni kimya.

Jumapili nikamchezea baba. Bibi anasema Mahenge, wazi kabisa. Baba akaomba nirudishe nyuma mara tatu.

Chini ya sauti yake bado kuna mvumo mwembamba. Huo si wangu, maana nikiweka kaseti nyingine haupo. Nilimuuliza baba, akakumbuka: siku ile alikosa betri za redio-kaseti, akaichomeka ukutani.