Ukomo wa faili katika programu za uchambuzi wa takwimu

Ukomo wa faili ni kiwango cha juu cha data ambacho programu ya uchambuzi inaweza kupokea. Hupimwa kwa idadi ya mistari au kwa ukubwa wa faili. Faili za XLS za Excel ya zamani ziliishia mistari 65,536. XLSX, iliyokuja na toleo la 2007, hufika 1,048,576. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 889,946 mkoani Njombe: kila mmoja akipewa mstari wake, kuanzia Ludewa hadi Makambako, mkoa mzima unaenea katika karatasi moja ya Excel. Tanzania yenye watu 61,741,120 haienei hata kidogo.

CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, haina ukomo wake yenyewe. Hatari iko kwa anayeifungua: Excel huonyesha mistari inayotosha tu, na mtu akihifadhi faili hiyo bila kuangalia, iliyobaki hupotea. Power BI, programu nyingine ya uchambuzi, kwa leseni ya Pro hukubali modeli ya hadi GB 1. Data ikizidi hapo, huwekwa kwenye hifadhidata na programu huiuliza moja kwa moja.