Roald Dahl

Roald Dahl (13 Septemba 1916 – 23 Novemba 1990) alikuwa rubani wa ndege za kivita wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baadaye mwandishi wa vitabu vya watoto. Alizaliwa Llandaff, Cardiff, katika Wales, kwa wazazi kutoka Norwei. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, ambayo ilimhamishia Dar es Salaam, Tanganyika, mwaka 1938.

Vita vilipoanza mwaka 1939, aliongoza askari wa King's African Rifles katika kuwakamata Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Novemba mwaka huohuo alijiunga na jeshi la anga la Uingereza mjini Nairobi, akajifunza urubani kwa ndege aina ya Tiger Moth, kisha akaendelea na mafunzo Habbaniya, Iraki. Tarehe 19 Septemba 1940, akiipeleka ndege ya Gladiator kwa Kikosi cha 80, alikosa kuuona uwanja wa kikosi hicho huku giza likiingia na mafuta yakipungua. Alijaribu kutua katika jangwa la Misri, ndege ikaanguka. Alivunjika fuvu na kupofuka kwa wiki kadhaa.

Mwaka 1941 alirudi vitani akirusha ndege aina ya Hurricane nchini Ugiriki, ikiwemo katika mapigano ya Athens ya 20 Aprili, kisha katika mapigano ya Syria. Maumivu makali ya kichwa yalimwondoa kwenye urubani mwaka huo. Maisha ya Tanganyika na ya vitani aliyasimulia katika kitabu chake *Going Solo* (1986).