Ngeli: Neno la Kagera Linalofumbua "He" na "She"

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza kule Nyamiaga, wilayani Ngara, akipewa sentensi "Mama amefika na mtoto wake" aiandike kwa Kiingereza, kosa linalomnyemelea walimu wanalijua: "he" mahali pa "she", "his" mahali pa "her". Si uzembe. Chanzo ni ngeli.

Ngeli ni istilahi ya sarufi: kundi la nomino zinazotambulika kwa viambishi vyake na upatanisho wake katika sentensi. Wanaisimu wa Kiswahili hueleza kuwa neno hilo lilichukuliwa kutoka Kihaya, lugha ya mkoa huu huu wa Kagera, ambamo lina maana ya aina. Mjerumani Wilhelm Bleek ndiye aliyezipa ngeli za Kibantu namba, katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862; mtu na watu wako ngeli ya 1 na ya 2 hadi leo.

Jina hili limechaguliwa vizuri. Tungesema "jinsia", tungepotosha. Jinsia inawafaa Wahispania, ambao kwao meza, "mesa", ni ya kike, na kitabu, "libro", ni cha kiume. Kiswahili hakina habari na hayo, wala Kihangaza cha Ngara. Kwa Kiswahili kiambishi a- ni cha baba, cha mama, hata cha ng'ombe aliyezaa jana.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye umilikishi. Tazama "kitabu chake". Ch- imeletwa na kitabu. -Ake inamgusa mwenyewe bila kutuambia kama ni Juma au Asha. Kwa Kiingereza kitabu hakina kauli yoyote: mwenye kitabu ndiye anayeamua iwe "his" au "her". Msemaji wa Kihispania naye hujikwaa hapo hapo, pamoja na uke na uume wote uliomo katika lugha yake, kwa kuwa "su" ni ya Juma, ni ya Asha, na ni ya wote wawili. Huwa "sus" vitu vikiwa vingi, basi.

Walimu wa Kiingereza waanze na ngeli, ambazo mtoto amekuwa akizitumia tangu nyumbani. Kabla hajaandika wamuulize: kitabu hiki ni cha nani, mwanamume au mwanamke? Akishajibu, ndipo achague "his" au "her".