Songea miaka 120 baada ya vitanzi: Watoto waambiwe nini?

Kila Februari 27 wanafunzi wa shule za msingi za Songea hupelekwa Makumbusho ya Majimaji wakiwa na sare zao, na kupangwa mistari nyuma ya viti vya wageni. Wazee wa Kingoni huwa wameshafika, wamevaa ngozi, wameshika ngao, mikuki na marungu. Kisha huja mashada, sala na hotuba. Hotuba ni ndefu, na jua la Februari halina huruma. Kufikia mgeni rasmi anaposimama, watoto wa darasa la kwanza na la pili wameshachoka kusimama, na walimu wana kazi ya kunong'ona tu: nyamaza, simama vizuri, usicheke.

Mwaka huu imetimia miaka 120 tangu Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Kingoni mahali hapa, Februari 27, 1906. Si sikukuu ya taifa zima. Ofisi za Dar es Salaam siku hiyo ziko wazi kama kawaida, na Siku ya Mashujaa ya kitaifa huadhimishwa Julai 25. Lakini kwa Songea hakuna siku nzito kuliko hii. Na mjadala unaorudi kila mwaka, majumbani na kwenye ofisi za walimu, ni ule ule: mtoto wa miaka sita au saba aambiwe nini hasa? Wapo wanaoona kwamba habari za vitanzi na kukatwa kichwa si za masikio yake. Wapo wanaosema asipoambiwa sasa hataambiwa tena.

Vita yenyewe ya Majimaji inafahamika. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya mkoloni huko Nandete, na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, yakasambaa kusini yote. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro Agosti 4, na mwezi uliofuata Wangoni nao wakaingia. Kufikia 1907 kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wajerumani walikadiria kuwa watu 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alitaja kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, kwa sababu mashamba na maghala ya chakula yalichomwa kwa makusudi.

Orodha ya walionyongwa Songea ina majina 67. Yupo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa ufalme wa Kingoni wa Njelu. Yupo pia, kwa maelezo wanayopewa wageni makumbushoni, Nkomanile, mwanamke pekee kati yao, ambaye ndiye aliyempokea Kinjala, mjumbe aliyeyaleta maji Ungoni. Walizikwa pamoja katika kaburi moja refu. Pembeni yake liko kaburi jingine, la mtu mmoja, na hapo ndipo watoto wote husimama.

Ni kaburi la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Kingoni ambaye mji umebeba jina lake. Simulizi ya wazee, ambayo makumbusho yameishika hivyo hivyo, inasema Wajerumani hawakutaka kumnyonga. Walimwona ni mtu mwenye nguvu kwa watu wake, wakadhani akibaki hai atawasaidia kutawala. Siku ya kunyongwa wenzake yeye aliachwa. Akakataa. Alitaka afe kama walivyokufa wenzake, maana hakuona atawatazamaje wake na watoto wa watu aliokwenda nao vitani. Siku chache baadaye, Machi 2, naye akanyongwa. Kisha wakamkata kichwa, na inaaminika kichwa hicho kilipelekwa Ujerumani. Kilichozikwa Songea ni kiwiliwili.

Watu wazima wakifika hapo husoma tarehe. Mtoto huuliza: kichwa kiko wapi? Ni swali lile lile ambalo ukoo wa Mbano umeuliza kwa vizazi, na ambalo serikali mbili hazijaweza kulijibu. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu na vitukuu wa Nduna, akainama mbele ya makaburi na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Kuhusu kichwa aliahidi kwamba juhudi zitafanyika kukitafuta, lakini hakuahidi kwamba kitapatikana. Miezi miwili kabla ya hapo, watafiti wa Berlin waliokuwa wakichunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki walitangaza kuwa vinasaba vya mafuvu matatu vimeoana na vya jamaa walio hai Tanzania. Hao walikuwa wa upande wa Kilimanjaro. Fuvu la Songea halimo.

Sasa yule anayesema mtoto hawezi kubeba habari hii namwomba akumbuke sisi tuliipataje. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake warudi vijijini kwao, kusini, wakawahoji wazee juu ya vita. Kazi hiyo, iliyosimamiwa na John Iliffe na Gwassa, ndiyo iliyotupa kumbukumbu za Majimaji kutoka vinywani mwa Waafrika, wakati kabla ya hapo tulitegemea zaidi mafaili ya maofisa wa Kijerumani na shajara za wamisionari. Piga hesabu. Mzee aliyehojiwa 1968 akiwa na miaka 70 alikuwa mtoto wa miaka saba vita ilipoanza. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu maji yaliyonyunyizwa, kuhusu moto kwenye maghala, kuhusu mizizi iliyochimbwa porini wakati wa njaa, iliingia kwanza kwenye macho na masikio ya watoto. Wao ndio waliotutunzia.

Kwa hiyo naona tatizo letu haliko kwenye umri wa msikilizaji. Liko kwenye namna ya kusimulia. Nyumbani kwa bibi, habari hii ilitolewa kidogo kidogo. Mwaka mmoja mjukuu aliambiwa babu yetu alikuwa nani na alikaa wapi. Akishaota meno ya ukubwani akaambiwa kwamba aliuawa. Kitanzi kilikuja baadaye, na kichwa baadaye zaidi, mtoto mwenyewe alipouliza. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyetishwa. Uwanjani tunafanya kinyume: vyote humwagwa kwa pamoja kupitia kipaza sauti, kwa lugha ya risala, halafu tunashangaa mtoto akirudi nyumbani anasimulia soda aliyokunywa tu.

Jambo jingine linaniuma zaidi, nalo ni maji. Watoto wanapenda sehemu hiyo, risasi kugeuka maji, na ni rahisi kuwaacha wacheke. Nimesikia watu wazima wenye elimu wakiisimulia kama kisa cha wajinga. Mtoto wa Songea akikua na kicheko hicho atakuwa ameibiwa. Maji ndiyo yaliyowakutanisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakivamiana na kutekana. Hakukuwa na chama, hakukuwa na gazeti, hakukuwa na redio. Kulikuwa na kibuyu cha maji na neno la siri lililotembea kwa miguu. Mwalimu Nyerere alipokwenda kuitetea Tanganyika Umoja wa Mataifa mwaka 1956 hakuona haya kuitaja vita hiyo. Ebrahim Hussein aliiandikia tamthilia ya Kinjikitile mwaka 1969, na ndani yake imani ile inapimwa kwa uzito wake wote. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kabisa kuelewa kwamba watu walioogopa walitafuta kitu cha kuwaondolea woga, na kwamba walisimama pamoja kwa sababu yake.

Nyenzo za kuwasimulia watoto tunazo. Makumbusho yalifunguliwa 1980, na tangu 2010 yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa mashuleni. Kwa watoto wengi, hata hivyo, Majimaji ni kwanza timu ya mpira, ile iliyobeba ubingwa wa nchi 1985, 1986 na 1998, halafu ni uwanja, halafu ndiyo vita.

Kitu kimoja cha kubadili hilo hakihitaji bajeti. Kwenye orodha ya walionyongwa kuna akina Gama, akina Mbano, akina Komba. Ingia darasa lolote la Songea mwalimu anapoita mahudhurio, utasikia majina hayo hayo yakiitikiwa. Basi kabla mgeni rasmi hajaketi, kabla ya risala, watoto na wapewe orodha waisome kwa sauti, mtoto mmoja jina moja, na mwenye ukoo wake alisome la kwao. Majina 67 yakisomwa taratibu hayamalizi dakika 10, na jua la asubuhi bado linavumilika.