Selimundu: Damu Inapoganda na Mwili Kuvimba



Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe za damu zenye umbo la mundu. Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu ya watu wetu. Katika jamii za Pwani na za karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa wamerithi chembe hizo. Mwaka 1954 alionyesha sababu: ukirithi kwa mzazi mmoja, unakingwa na malaria kali. Ukirithi kwa wote wawili, unaugua selimundu.

Chembe hizo hunasa katika mishipa midogo. Mishipa huumia na kuvimba, damu huganda, na kuganda huko huzidisha uvimbe. Ndiyo maana vidole vya mtoto huvimba na kuuma. Hajarogwa.

Mpe maji mara kwa mara, mkinge na baridi, alale ndani ya neti. Akipata homa, akibanwa kifua au mkono ukilegea ghafla, mkimbize hospitali. Usingoje kupambazuke.