Kopo la Kawe na Hesabu ya Mwisho wa Mwezi

Wanachama wenzetu, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twakumbuka kiwanda cha Tanganyika Packers kilichokuwako Kawe, Dar es Salaam. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1947 kwa ubia wa Serikali ya Tanganyika na kampuni ya Liebig ya Uingereza, ili nyama ya ng'ombe wa wafugaji wetu itiwe makopo. Leo kimekwisha kunyamaza, lakini somo lake halijapitwa.

Kiwanda cha namna hiyo hununua ng'ombe mmoja, kikapata nyama, ngozi, mafuta na mifupa. Bei ya ng'ombe, makopo, chumvi na ujira huandikwa katika hesabu ya kazi. Mwezi ukiisha, karani hana budi kuigawa hesabu hiyo isibaki hata senti: mali iliyokamilika huchukua fungu lake kwenda ghalani, kazi isiyokwisha huchukua lake hadi mwezi ujao, na kilichozidi makadirio huingia katika faida na hasara.

Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, lakini kanuni ni ile ile. Nasi twangojea malipo ya pili baada ya hesabu kufungwa. Gharama iliyosahauliwa hujifanya faida. Nayo ikigawiwa, mkulima ndiye atakayeilipa msimu ujao. Basi katika mkutano mkuu, kabla ya kuuliza tutapata kiasi gani, na tuulize kwanza: gharama zote zimekwisha kuingizwa?